Kilo Mia Tatu na Kumi

Mary Ann Kimotho alipoingia kwa Mwalimu Absalom asubuhi ile ya Jumamosi, aliwakuta ng'ombe watatu wamefungwa kwenye ua. Walikuwa wamekubaliana wawili. Alizima pikapu iliyokuwa ikivuta trela yake ya kusafirisha mifugo, akabaki ameshika usukani, akahesabu tena kana kwamba macho yangeweza kumpunguzia mmoja.

Mwalimu alitoka nyumbani akiwa amevaa suti ya kijivu, viatu vimeng'arishwa, fimbo ya kutembelea mkononi kwa sababu ya goti lake. Alikuwa amestaafu miaka saba, lakini huku upande wa Endebess watu wote walimwita Mwalimu tu, na Mary Ann alikuwa na sababu zaidi ya wengine. Alimfundisha hesabu tangu darasa la nne mpaka la nane.

"Mwalimu, huyu wa tatu anaenda wapi?"

"Anaenda na wenzake."

"Tulisema wawili."

"Tulisema wawili, ndiyo." Aliangalia pembeni. "Wale wawili ni wa mahari. Huyu mdogo si wa mahari. Huyu ni wa mama Levi."

Basi akamweleza, pale pale uani, bila kumkaribisha chai. Mkewe Fridah alikuwa ameugua mwaka mzima kabla ya kufa mwezi wa tatu. Katika ile miezi miwili ya mwisho, Linah, mchumba wa mwanawe Levi, alihamia pale akamuuguza. Alimwosha, akamlisha, akalala naye chumba kimoja. Siku moja Fridah akamwambia msichana yule kwamba mtamba mwekundu aliyezaliwa na ng'ombe wake mwenyewe ni wake, Linah. Si wa Levi, si wa wazee. Leo wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakutana kwa kina Linah, mbele kidogo ya Misikhu, kupokea ng'ombe wa mwisho kabla ya harusi ya kanisani wiki ijayo. Mwalimu alitaka neno la mkewe lisemwe mbele yao, na mtamba asimame pale waone.

"Si ungeniambia kwa simu?"

"Ningekuambia ungekataa."

Mary Ann alifungua mlango wa nyuma wa pikapu akatoa utepe wake wa kupimia, ule ambao madaktari wa mifugo huzungusha kifuani kwa ng'ombe ukasoma uzito. Alimpima wa kwanza, Friziani mkubwa mwenye doa jeupe usoni: kilo mia tano na arobaini. Wa pili, mia tano na kumi. Mtamba mwekundu alitulia akizungushwa utepe, akamnusa bega: mia tatu na arobaini. Trela yenyewe tupu ilikuwa kilo mia tano na ishirini. Aliandika yote kiganjani kwa biro, akajumlisha, akainua kiganja Mwalimu asome.

"Elfu moja mia tisa na kumi," akasema. "Kibati cha trela kinasema isizidi elfu moja mia sita. Tumepita kwa mia tatu na kumi. Tukimtoa huyu mdogo, tuko ndani ya sheria."

"Kibati kiliandikwa na fundi."

"Kiliandikwa baada ya ukaguzi, Mwalimu. Ekseli ni moja. Na pikapu yangu pia ina kiwango chake cha kuvuta, kiko kwa kitabu. Mwaka jana jamaa wa viazi alipinduka hapo mbele ya Kiminini. Bima walipopima mzigo, walimfungia mlango."

"Basi nipeleke wawili, urudi umchukue?"

"Naweza. Lakini itakuwa saa tisa hivi."

"Wazee walisema kabla ya saa sita." Sauti ya Mwalimu ilikuwa imepungua. "Mary Ann, mwanangu. Neno la mtu aliyekufa huwezi kuliambia lingoje watu wamalize kula."

Hapo ndipo aliposhindwa. Baadaye angejaribu kujitetea moyoni kwamba alichoka kubishana, kwamba saa zilikuwa zinakimbia, lakini ukweli ni kwamba hakujua namna ya kumwambia mtu yule hapana mara ya pili. Aliushusha mlango wa trela, ule unaogeuka daraja la kupandia, wakawaingiza mmoja mmoja. Mtamba aliingia wa mwisho, akakaa nyuma kabisa. Springi zilishuka. Nyuma ya pikapu nako kukalala, pua ikatazama juu kidogo.

"Tutaenda pole pole," akasema. Mwalimu hakuwa amemuuliza.

Walipita Kitale mjini kabla ya saa nne. Mary Ann hakuwasha redio. Kila baada ya dakika alitupa jicho kwenye kioo cha kushoto, halafu cha kulia, halafu akarudi cha kushoto. Usukani ulikuwa mwepesi kwa namna asiyoipenda, kana kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa lami kwa adabu tu. Kwenye tuta la kwanza alipunguza mpaka karibu asimame, na bado alisikia chuma cha trela kikigonga chini. Nyuma yao magari yalipiga honi, yakawapita, dereva mmoja akatoa mkono nje kuuliza kuna nini.

"Unaendesha kama mtu aliyebeba mayai," Mwalimu akasema.

"Afadhali mayai. Mayai hayasogei."

Alitaka iwe mzaha, lakini Mwalimu alikuwa akitazama saa yake. Simu yake iliita mara mbili, zote ni Levi aliyekuwa ametangulia kule jana yake. Mara zote mbili alimjibu neno moja: tunakuja.

Kabla ya Kiminini kuna mahali ambapo polisi wa trafiki husimama siku nyingi, chini ya miti upande wa kushoto. Mary Ann alipakaribia akiwa tayari ametunga maneno. Walikuwa hawapo. Palikuwa na mbuzi tu, na mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Ndipo akagundua kwamba tangu Kitale alikuwa akiomba wawepo. Alitaka mtu mwenye kofia na kitabu amwambie Mwalimu lile ambalo yeye mwenyewe hakulisema kwa nguvu ya kutosha, ng'ombe ashushwe, lawama ziende kwa serikali. Sasa hapakuwa na mtu. Ilikuwa ni yeye na mguu wake kwenye breki.

Alijua pia kilichokuwa mbele. Kabla ya Kamukuywa barabara inateremka kuelekea mtoni, mteremko mrefu wenye kona, daraja chini, na watu wa soko wanaovuka bila kuangalia. Ukiwa na mzigo wa haki, unateremka kwa gia ya pili huku unapiga soga. Trela yake ilikuwa na breki ndogo tu. Kazi kubwa ilikuwa ya pikapu.

Haikufika hata huko. Walikuwa kwenye sehemu tambarare, hata kilomita sitini kwa saa hawajafika, lori la miwa lililopakiwa hadi juu likawapita kwa kasi. Upepo wake uliipiga trela ubavuni. Ng'ombe walishtuka, wakarudi nyuma wote kwa pamoja, na Mary Ann akahisi mkia wa gari ukivutwa kulia. Halafu kushoto. Halafu kulia tena, zaidi. Kwenye kioo aliiona trela yote imetokeza upande wa pili wa barabara, na mbali, mbele yao, bodaboda ikija na abiria.

Hakugusa breki. Baba yake alimfundisha hivyo, na ilihitaji nguvu zake zote kutoigusa. Aliinua mguu kwenye mafuta, akashika usukani ukae sawa, akaacha gari lijichoshe lenyewe. Kulia. Kushoto, kidogo. Bodaboda ilipita, abiria wake amegeuza uso. Trela ikayumba mara nyingine moja, ikanyooka. Aliendesha hivyo mita mia mbili mpaka akapata mahali papana pa changarawe ya murram kando ya barabara, akasimama, akavuta breki ya mkono.

Mwalimu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Fimbo yake ilikuwa imeanguka chini.

"Imetulia," akasema. "Si imetulia?"

Mary Ann alishuka. Alizunguka trela mara mbili, akawatazama ng'ombe, akagusa magurudumu. Moja lilikuwa moto kuliko mengine. Akarudi upande wa Mwalimu akafungua mlango.

"Sitateremka pale mbele na hawa watatu."

"Tumetoka mbali sana kusema hivyo."

"Ningesema nyumbani. Nilikosea. Sasa ninasema hapa."

"Mary Ann, saa tano kasoro."

"Naona saa, Mwalimu. Ulimwona yule wa bodaboda?"

Magari yalipita. Mwalimu alitoa simu akapiga mtu mmoja wa Ndalu mwenye pikapu, alikuwa amesafiri. Akapiga mwingine wa Tongaren, naye akasema angefika baada ya saa mbili, labda tatu. Mary Ann alipendekeza mtamba aachwe kwenye boma lililokuwa ng'ambo ya barabara, ambapo mama mmoja alikuwa ameshatoka kuwatazama, halafu amrudie. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Simwachi kwa watu nisiowajua. Yeye wa kwanza mshushe. Nitakaa naye."

Walimshusha mtamba. Wale wawili Mary Ann aliwasogeza mbele, juu ya ekseli, akawafunga kamba fupi wasiweze kurudi nyuma. Mwalimu alisimama kwenye nyasi na suti yake, kamba mkononi, akitazama shamba la mtu.

"Ndani ya saa moja na nusu nitakuwa hapa," Mary Ann akasema.

"Nenda."

"Mwalimu, usiondoke hapa."

"Nimesema nenda."

Aliteremka Kamukuywa kwa gia ya pili. Trela ilimfuata kwa utii, usukani ukiwa na uzito wake wa kawaida, na hilo lilimuumiza badala ya kumfurahisha. Ilikuwa rahisi hivi. Tangu asubuhi ingekuwa rahisi hivi. Akili yake haikutulia mahali pamoja: ilikuwa kwenye goti la mzee, ikaruka kwa bodaboda, ikarudi kwa mzee. Mwezi wa saba jua la huku hudanganya; mawingu yalikuwa yameanza kujipanga upande wa mlimani.

Aliingia kwa kina Linah saa sita kasoro dakika kumi. Hema lilikuwa limejaa. Wanawake walianza vigelegele walipoiona trela, halafu vikakatika kimoja kimoja, maana hawakumwona mwenye ng'ombe. Levi alikuja mbio, kijana mrefu, tai imelegea.

"Baba yuko wapi?"

"Juu ya Kamukuywa. Yuko na mtamba. Narudi sasa hivi."

"Umemwacha kwa barabara?" Levi alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya wageni, na ikawa mbaya zaidi. "Mzee wa miaka sitini na nane, bana. Na hilo goti. Ati sababu ya kilo?"

"Sababu ya kilo, ndiyo. Nisaidie kushusha."

Levi alimsaidia bila kumtazama. Mary Ann hakungoja hata maji.

Alipofika juu ya mteremko, pale penye murram palikuwa patupu. Alishuka akaangalia nyasi zilizokanyagwa. Akapiga simu: mteja hapatikani. Akapiga tena. Akavuka barabara kwa yule mama wa boma.

"Mzee wa suti? Aliondoka kitambo. Nilimwambia angoje kwangu kwa kivuli, akasema ati wakubwa wanamngoja. Ameshuka na ng'ombe wake hapo chini."

Mary Ann aliteremka tena, safari hii akiwa na dirisha wazi, akichungulia kila kichochoro. Sokoni Kamukuywa aliuliza kwa wauza ndizi. Mmoja alimwona mzee aliyekunja suruali akivuka daraja, akakata kulia kwenye njia ya miguu, ile inayopita katikati ya mahindi na kutokea karibu na Misikhu. Njia ya ng'ombe, akasema. Gari haiwezi.

Akajaribu njia ya kwanza ya vumbi iliyoelekea upande ule. Iliishia kwenye lango la shule. Kugeuza trela pale kulimchukua dakika kumi na tano, watoto wa majirani wakimwelekeza kila mmoja kwa namna yake. Njia ya pili ilimpeleka mpaka kwenye kisima. Saa saba na nusu tone la kwanza la mvua likapiga kioo, kisha likaacha. Levi akapiga; Mary Ann akaona jina, akaogopa kushika, akashika.

"Umempata?"

"Bado."

Levi akasema, "Linah anasema jaribu upande wa mto. Kuna mahali ng'ombe hunyweshwa, chini ya kanisa. Anasema njia zote hupita hapo."

Ni hapo alipomkuta. Mwalimu Absalom alikuwa amekaa juu ya jiwe, koti limekunjwa mapajani, viatu vimeunganishwa kwa kamba na kuning'inizwa shingoni, miguu yenye matope mpaka magotini. Goti la kushoto lilikuwa limevimba mpaka linaonekana kwenye suruali. Mtamba alikuwa anakunywa maji bila haraka yoyote.

Mary Ann alisimama mbali kidogo. Tangu Kamukuywa alikuwa ametayarisha maneno ya hasira na maneno ya kuomba msamaha, na sasa hakujua aanze na yapi.

"Simu yako imezimika," akasema.

"Iliisha moto." Mwalimu hakuinua kichwa. "Yeye ametembea vizuri. Mimi ndiye nimechoka. Imebaki kama kilomita mbili, nilikuwa nasema nipumzike kidogo."

Mary Ann akakaa chini, kwenye nyasi. Walisikiliza maji.

"Jana jioni nilimpima," Mwalimu akasema. "Sina utepe kama wako. Nilitumia kamba na rula, kisha nikatafuta ile kanuni ya kupata uzito kwa mzunguko wa kifua. Nikapata mia tatu na thelathini na tano. Nikawapima na wale wengine."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua kabla hujaingia kwangu. Nikasema, huyu mtoto nilimfundisha mimi, hatanikatalia." Alisugua goti. "Yule wa bodaboda alikuwa amebeba mama mwenye mtoto mgongoni. Uliona?"

"Niliona watu wawili tu."

"Walikuwa watatu. Nimetembea nao kichwani njia hii yote."

Mary Ann aling'oa jani akalikunja. Alitaka kusema kwamba aliyeshika usukani ni yeye, kwamba mzee angeweza kulia mpaka kesho na bado ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Alilisema, kwa maneno machache kuliko hayo. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama anayekubali jibu la mwanafunzi, asilipunguze wala kuliongeza.

Walimpandisha mtamba. Safari hii alikuwa peke yake katikati ya trela, na gari ni kama halikumsikia.

Walifika saa tisa kasoro robo. Wazee walikuwa wamekula. Wawili wa upande wa kina Linah walikuwa wamenuna waziwazi, na mmoja alisema, kwa wote kusikia, kwamba zamani watu walikuwa wanaheshimu saa. Mwalimu hakujitetea. Alishuka peku, suruali bado imekunjwa, akashika kamba akachechemea mpaka katikati ya hema, na minong'ono ikazima kadiri watu walivyoiona ile miguu. Alisema maneno ya Fridah kama alivyoyasikia, hakuyapamba. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufungua mlango wa trela.

Linah hakungoja kuitwa. Alitoka kwa wanawake, akapokea kamba, akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya mtamba, akalia pale mbele ya watu bila kujificha. Shangazi yake, Senge Nelima, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani, ndiye aliyewageukia wale wazee wawili.

"Huyu ametembea na goti bovu kuleta neno la mkewe," akasema. "Nani ana saa hapa aniangalizie?"

Hakuna aliyeangalia.

Mary Ann alikuwa amebaki kando ya pikapu. Levi alipita karibu naye mara mbili. Mara ya tatu akasimama, akatazama kile kibati cha trela, akasoma maandishi yake yote, akaondoka. Senge Nelima akaleta sahani mwenyewe, ugali na paja la kuku, akamwambia akae kitini. Mary Ann akasema asante, atasimama. Mwili ulikuwa bado umejaa barabara. Kila lori lililonguruma mbali lilimfanya ageuke.

Jioni, Mwalimu alikataa kulala huko. Alipakiwa mbele pamoja na kuku hai wawili aliopewa, goti limefungwa kitambaa chenye maji baridi. Kabla hawajafika Kamukuywa alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kichwa kikigonga dirisha. Trela tupu ilirukaruka nyuma kwenye kila shimo. Mary Ann akapunguza mwendo, akaacha magari yampite, akapanda mlima ule kwa gia ya pili asije akamwamsha.